Baiskeli Isiyokwenda Popote: Maoni Juu ya Maumivu Sugu na Mazoezi ya Nyumbani

Katika mji wa Songea, kama ilivyo katika miji mingi ya nchi yetu, mtu anayeumwa mgongo au magoti kwa muda mrefu hupewa ushauri wa aina mbili. Jamaa zake humwambia apumzike. Wengine, ambao wamechoka kusikia malalamiko yake, humwambia aache uvivu. Mashauri haya mawili yanapingana, lakini yana kosa moja la asili: yote mawili hudhani kwamba maumivu ni kipimo sahihi cha uharibifu uliomo mwilini. Wa kwanza husema, "Unaumwa, kwa hiyo umeumia, basi usijitikise." Wa pili husema, "Hatuoni jeraha, kwa hiyo huumwi." Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sayansi haikubaliani na yeyote kati yao, na kwamba kifaa ambacho kinaweza kumsaidia mgonjwa huyo mara nyingi kimeegemezwa ukutani nyuma ya nyumba, kikiwa na tairi bovu na mnyororo ulioshika kutu. Kifaa hicho ni baiskeli.

Maumivu sugu ni nini?

Wataalamu huyaita maumivu kuwa ni sugu yanapodumu au kurudi tena na tena kwa muda unaozidi miezi mitatu. Muda huo haukuchaguliwa ovyo. Sehemu nyingi za mwili zilizojeruhiwa huwa zimekwisha kupona kabla ya miezi mitatu kutimia. Maumivu yakiendelea baada ya hapo, hatuna budi kuuliza kama bado yanatoa habari za jeraha, au kama chombo chenyewe cha kutoa habari ndicho kilichobadilika.

Chombo hicho ni mfumo wa mishipa ya fahamu. Mwaka 1965 wataalamu wawili, Ronald Melzack na Patrick Wall, walitoa nadharia iliyogeuza fikra za madaktari. Walisema kwamba habari za maumivu hazisafiri moja kwa moja kutoka mguuni hadi kwenye ubongo kama maji yapitavyo bombani. Ndani ya uti wa mgongo kuna kitu mfano wa lango. Lango hilo laweza kufunguka zaidi au kufungwa kidogo, kufuatana na habari nyingine zinazotoka mwilini, na pia kufuatana na amri zinazoshuka kutoka kwenye ubongo wenyewe. Ndiyo sababu mtoto akijigonga kiwiko hukisugua, naye hupata nafuu: mguso na mwendo huchangia kulifunga lango. Miaka kumi baadaye, mwaka 1975, John Hughes na Hans Kosterlitz wa Aberdeen, Uskoti, walieleza kemikali zinazotengenezwa na ubongo wenyewe ambazo hufanya kazi mfano wa dawa kali za kutuliza maumivu. Sehemu za nadharia ya 1965 zimesahihishwa tangu wakati huo, lakini wazo lake kuu limesimama.

Sasa, lango likikaa wazi kwa miezi na miaka, mfumo mzima huzoea kupiga kelele. Waweza kuulinganisha na mbwa wa ulinzi aliyewahi kuibiwa bwana wake: tangu siku hiyo humbwekea hata jirani anayepita njiani. Kubweka ni kwa kweli, na usingizi wa wenye nyumba huharibika kwa kweli. Lakini mwizi hayupo. Kwa hiyo mgonjwa wa maumivu sugu hadanganyi wala hajidekezi. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Pamoja na hayo, maumivu yake hayamaanishi kwamba kila hatua anayopiga inamvunja.

Hasara ya kulala

Zamani madaktari wenyewe waliamini kitanda. Mgonjwa wa kiuno alilazwa wiki moja, mbili, au zaidi. Mwaka 1986 Richard Deyo na wenzake wa Marekani walichapa matokeo ya jaribio la wagonjwa 203 wa mgongo. Wengine walishauriwa kulala siku mbili, wengine siku saba. Wale wa siku mbili walirudi kazini mapema zaidi, na hali yao haikuwa mbaya kuliko ya wenzao. Uchunguzi mwingi uliofuata umeelekea upande huo huo.

Sababu zake si ngumu kueleweka. Msuli usiotumika hupungua nguvu. Gegedu, yaani ule utando laini unaofunika ncha za mifupa ndani ya kiungo, hauna mishipa ya damu; hupata chakula chake kutokana na ute wa kiungo, nao ute huo husambazwa kwa kukunja na kukunjua. Moyo na mapafu huzoea uvivu. Usingizi huharibika, na mtu aliyekosa usingizi huumwa zaidi. Juu ya yote, hofu hukua: kila siku ambayo mtu hajainama humwongezea hakika kwamba kuinama kutamvunja mgongo. Hivyo maumivu huleta kutotembea, kutotembea huleta udhaifu, na udhaifu huleta maumivu.

Tatizo hili si dogo. Inakadiriwa kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno, na hakuna ugonjwa mwingine uliowaondolea watu uwezo wa kufanya kazi kwa miaka mingi zaidi ya huo. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya maumivu sugu ya kiuno. Mwongozo huo unapendekeza mafunzo kwa mgonjwa na mazoezi ya mwili, na unashauri kwamba kwa kawaida mikanda ya kiuno na dawa kali za jamii ya afyuni zisitumike. Lakini mtu wa Lizaboni au Mfaranyaki akiambiwa "fanya mazoezi," atafanya mazoezi gani?

Kwa nini baiskeli, na kwa nini isiende?

Wako watakaouliza: kwa nini mtu asitembee tu, au asipande baiskeli yake akaenda sokoni? Swali ni la haki. Kutembea ni zoezi zuri, na anayeweza kutembea na atembee. Lakini Songea ni mji wa nyanda za juu, zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, wenye miinuko na miteremko, na safu ya Matogoro, ambako mto Ruvuma huanzia, imeuinamia. Mtu mwenye magoti mabovu anajua kwamba kupanda ni taabu na kuteremka ni adhabu, kwa sababu katika kuteremka goti hubeba uzito wa mwili na kuuzuia usianguke. Msimu wa mvua njia huwa tope. Msimu wa kiangazi vumbi. Na barabara kuu ina malori ya mahindi na pikipiki.

Kuna sababu nyingine iliyo kubwa kuliko hizo. Mgonjwa wa maumivu sugu hajui leo yatamjia lini. Akienda kilomita mbili, lazima arudi kilomita mbili, hata kama maumivu yamempanda katikati ya safari. Hofu ya kukwama njiani ndiyo inayowaweka wengi nyumbani. Baiskeli iliyosimamishwa chumbani au barazani haina njia ya kurudi. Dakika ya tatu ikiwa mbaya, mtu hushuka, na tayari yuko kwake. Huo uhuru wa kuacha ndio unaompa ujasiri wa kuanza.

Tena baiskeli hubeba uzito wa mwili juu ya kiti. Goti hukunjwa na kukunjuliwa mara nyingi bila kishindo cha mguu kupiga ardhi. Mwendo ni ule ule, wa duara, usio na jambo la ghafla, nao mfumo wa fahamu ulioshtuka huupokea kwa urahisi zaidi mwendo unaoweza kuubashiri. Wako pia wazee ambao miguu huwauma na kufa ganzi wakitembea hatua chache, lakini hupata nafuu wakiinama au wakikaa. Kwao njia ya mishipa ndani ya uti wa mgongo imekuwa nyembamba, na kuinama mbele huipanua. Wengi wa hao, ambao hawawezi kutembea hadi dukani, huweza kuzungusha pedali bila shida kubwa.

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1796 Mwingereza Francis Lowndes alipata hataza ya mashine ya kuzungusha mikono na miguu kwa ajili ya wenye viungo vigumu, kabla baiskeli ya barabarani haijabuniwa. Mwanzoni mwa karne ya 20 August Krogh wa Denmark, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1920, alitengeneza baiskeli ya maabara ya kupimia kazi ya misuli. Mashine zinazouzwa leo katika maduka makubwa ya Dar es Salaam ni wajukuu wa hizo, na bei yake haimfai mwananchi wa kawaida. Lakini babu yao ni chuma, mnyororo na gurudumu tu, vitu ambavyo kila fundi baiskeli wa Songea anavijua.

Jinsi ya kuitengeneza

Baiskeli kubwa za zamani, kama Phoenix za kutoka China, zina stendi ya miguu miwili inayoinua gurudumu la nyuma. Stendi hiyo isitumiwe kwa zoezi. Haikuundwa kubeba mtu anayekanyaga, nayo huweza kujikunja na kumwangusha. Kinachotakiwa ni fremu ya vyuma vya pembe, pana kwa chini, inayoshika ekseli ya nyuma pande zote mbili na kuliweka gurudumu sentimita chache juu ya sakafu. Gurudumu la mbele lifungwe lisigeuke. Mchomeleaji wa vyuma huweza kuimaliza kazi hii kwa muda mfupi.

Ili kuleta uzito wa kukanyaga, toa tairi na mpira wa gurudumu la nyuma, upitishe ukanda wa ngozi ndani ya mfereji wa ringi, na kila ncha ya ukanda uishike kwa mizani ya springi kama zile za maabara ya fizikia. Hapa mwalimu atapata somo zima. Tofauti ya mizani mbili ndiyo kani ya msuguano. Tuseme ni nyutoni 10, na mzingo wa ringi ni mita 2. Kila gurudumu linapozunguka mara moja, kazi iliyofanyika ni jouli 20. Ikiwa gurudumu huzunguka mara 2.5 kwa kila mzunguko wa pedali, na mtu anazungusha pedali mara 48 kwa dakika, gurudumu litazunguka mara 120, na kazi ni jouli 2,400 kwa dakika, yaani wati 40. Kwa mgonjwa anayeanza, wati 40 ni nyingi. Alegeze ukanda, au auondoe kabisa kwa wiki za kwanza.

Na aliyekwisha kuzoea, akikanyaga kwa wati 50 muda wa dakika 20, atakuwa amefanya kazi ya jouli 60,000. Hiyo ni karibu sawa na kazi ya kuuinua mwili wa kilo 60 kwa kimo cha mita 100. Amepanda sehemu ya Matogoro, wala hakuteremka. Hata hivyo asidanganyike kwamba amechoma chakula kingi. Misuli hugeuza kuwa kazi takriban moja ya tano hadi robo ya nishati inayoitumia, sehemu iliyobaki huwa joto. Kwa hiyo mwili umetumia kilojouli 240 hadi 300, ambazo hupatikana katika vijiko viwili vya mezani vya unga wa mahindi. Faida ya zoezi hili iko kwenye viungo, misuli, moyo, usingizi na mishipa ya fahamu, si katika kupunguza unene.

Kiti ni jambo la kuangaliwa sana. Kikiwa chini mno, goti hukunjwa kupita kiasi na kuuma. Kipimo rahisi ni hiki: kaa, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa, mguu uwe umenyooka. Ukikanyaga kwa sehemu ya mbele ya unyayo, goti litabaki limekunjwa kidogo tu, na ndivyo inavyotakiwa. Mnyororo uwe na kifuniko, kwa ajili ya kanga na suruali pana, na watoto wasikaribie spoki.

Kiasi ndiyo dawa

Hapa ndipo wengi hushindwa. Mgonjwa akiamka siku njema, hutaka kulipa madeni yote ya siku mbaya. Hukanyaga nusu saa, kisha hulala siku tatu akiugua, na mwishowe husema, "Baiskeli imeniumiza." Kilichomuumiza ni kukosa kiasi.

Njia bora ni kutafuta muda ambao mtu aweza kuumaliza hata siku yake mbaya, bila kuongeza maumivu yanayodumu hadi kesho yake. Tuseme ni dakika 5. Aanze na dakika 4. Afanye dakika 4 siku njema, na dakika 4 siku mbaya. Wiki ifuatayo aongeze dakika moja. Saa ndiyo imwamuru, si maumivu, wala si furaha. Kwa mpango huo atafika dakika 20 baada ya wiki 16. Yakimpanda sana, arudi hatua moja nyuma, asiache. Mwanafunzi anaweza kumchorea bibi au babu yake grafu ya dakika kwa wiki. Mstari unaopanda polepole ni faraja kubwa kwa mtu ambaye kila siku huhisi kwamba hasogei.

Haifai kuahidi makubwa. Mwaka 2021 yalijumlishwa matokeo ya majaribio 249 juu ya mazoezi kwa maumivu sugu ya kiuno. Katika kipimo cha alama 100, waliofanya mazoezi walipungukiwa maumivu kwa takriban alama 15 kuliko wasiopewa tiba. Hii si kupona. Lakini alama 15 zaweza kuwa tofauti kati ya kushindwa na kuweza kusimama darasani kipindi kizima, au kati ya kuamka usiku mara nne na kuamka mara moja.  Kwa hiyo sidai kwamba baiskeli ni mganga. Nadai tu kwamba zoezi linalofaa ni lile ambalo mtu ataliendeleza, na kwamba kwa wengi baiskeli ya barazani ndiyo inayowezekana.

Wasiofaa, na wanaohitaji daktari kwanza

Mkulima aliyeinamia jembe tangu alfajiri hana haja ya kukanyaga baiskeli jioni. Mwili wake umepata kazi ya kutosha. Anachohitaji ni jembe lenye mpini mrefu, mzigo mdogo, na pumziko. Itakuwa dhihaka kumwambia afanye mazoezi. Ninaowasemea hapa ni mwalimu, fundi cherehani, karani, muuza duka, mama aliyeacha kwenda shambani kwa sababu ya magoti, na mzee aliyebakia kitini.

Tena yako maumivu ambayo ni onyo la kweli. Maumivu ya mgongo yenye homa, kukonda au jasho la usiku yaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Miguu kulegea, ganzi kati ya mapaja, au kushindwa kuzuia haja, ni jambo la kukimbilia hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo kiungo kilichovimba na kuwa moto, maumivu baada ya kuanguka, na maumivu ya kifua. Mwenye ugonjwa wa selimundu asijichoshe, anywe maji ya kutosha, ajikinge na baridi ya Juni na Julai, na apange mazoezi pamoja na daktari wake. Na yeyote anayemeza vidonge vya kutuliza maumivu kila siku kwa ununuzi wa dukani ajue kwamba vingi katika hivyo huweza kudhuru tumbo na figo vikitumiwa muda mrefu.

Tufanye nini?

Naona mambo matatu yanawezekana bila kungoja fedha za mbali. Kwanza, shule za sekondari zenye karakana, na vyuo vya ufundi, zichukue utengenezaji wa fremu hii kuwa kazi ya wanafunzi. Watajifunza kuchomelea, kani, kazi na nishati, na kifaa kitakachobaki kitatumika. Pili, zahanati na vituo vya afya viwe na walau baiskeli moja ya namna hii, ili mgonjwa ajaribu dakika zake za kwanza mbele ya mtu anayejua. Wataalamu wa fiziotherapia ni wachache nchini, nao hukaa zaidi katika hospitali kubwa. Mashine iliyo karibu na maelekezo yaliyoandikwa kwa Kiswahili safi haviwezi kushika nafasi yao, lakini vyaweza kuufikisha ushauri wao mahali wasikofika.

Tatu, na hili halihitaji hata chuma: tubadili maneno yetu. Watu watamcheka mzee anayekanyaga baiskeli isiyokwenda popote. Watauliza anaelekea wapi. Mwanafunzi aliyesoma makala haya anao wajibu wa kuwajibu majirani kwamba mzee yule anafunza mishipa yake ya fahamu kwamba kusogea si hatari. Naye mwalimu asimwambie mgonjwa "huna kitu," wala asimwambie "lala." Amwambie: maumivu yako ni ya kweli, mwili wako haujavunjika, anza na dakika nne.